Amana Iliyo Chini ya Kidole

Katika ofisi za Doha, tangu minara ya West Bay mpaka majengo mapya ya Msheireb na Lusail, simu ya mezani yenye mkono wa kunyanyua na waya wa kujipinda inazidi kuondoka, na mahali pake pameshikwa na picha ya vitufe juu ya kioo cha kompyuta, ambayo mtumishi huibofya kwa kipanya huku masikio yake yamefunikwa kwa hedifoni. Badiliko hili limepokewa na wengi kuwa ni jambo la mafundi, ambalo likishawekwa na kufanya kazi halina haja ya kuzungumzwa tena. Mimi naliona kuwa ni jambo la adabu kwanza na la ufundi baadaye. Maana kila kitufe katika picha ile hufanya tendo juu ya mtu asiyeonekana, ambaye ametuamini kwa sauti yake, kwa wakati wake na pengine kwa siri zake, na mwajiri ampaye mtumishi chombo hicho bila kumfahamisha tendo hilo ni lipi, amemdhulumu mtumishi na kumdhulumu mpigaji pamoja.

Qatar ni nchi yenye watu wapatao milioni tatu, ambao walio wengi ni wageni waliokuja kutafuta riziki, na kwa sababu hiyo simu moja iingiayo katika ofisi moja yaweza kuanza kwa Kiarabu, ikaendelea kwa Kiingereza, na ikaisha kwa Kihindi au Kitagalogi. Katika jamii hiyo wamo Wakenya, Waganda na Watanzania, ambao aghalabu huwekwa katika kazi za kukabili watu: mapokezi ya hoteli, madawati ya huduma, vyumba vya ulinzi na vituo vya kupokea simu za wateja. Asubuhi ya Jumapili, siku ambayo juma la kazi huanza Doha, saa za Doha zikiwa ni zile zile za Nairobi na Dar es Salaam, ndugu zao nyumbani wanakwenda kanisani au wamepumzika, ilhali wao wameketi mbele ya kioo na foleni ya wapigaji inawangoja. Mpigaji hajui kama aliyempokea ni mtu wa Kisumu, wa Jinja au wa Tanga. Hauoni uso wake mkunjufu wala vazi lake nadhifu. Ajualo ni sauti aliyoisikia, muda aliosubirishwa, na kama aliambiwa kweli au alihadaiwa. Juu ya mambo hayo matatu husimama heshima ya kampuni nzima, na yote matatu yapo chini ya kidole cha mtu mmoja.

Simu ya kompyuta si chombo cha jana. Taratibu iitwayo SIP, ambayo kwayo kompyuta mbili hukubaliana kuanzisha mazungumzo na kuyamaliza, ilitolewa katika sura inayotumika hata leo mwaka 2002. Lakini katika miji ya Ghuba, kama kwingineko ulimwenguni, kilichoifanya simu hiyo kuwa jambo la kila mtu ni maradhi ya korona. Mwezi wa Aprili 2020 serikali ya Qatar iliagiza kwamba asilimia 80 ya wafanyakazi wafanye kazi zao wakiwa nyumbani, isipokuwa katika shughuli maalumu, na ofisi ambazo hazikuwa na tadbiri nyingine zikawapa watumishi wao programu ya simu ndani ya kompyuta za kubebwa. Hapana wa kuzilaumu kwa haraka ile, maana dharura haingoji mafunzo. La kulaumiwa ni kwamba dharura iliisha, haraka ikabaki. Na hata sasa mtumishi mpya hupewa neno lake la siri asubuhi, akaambiwa kwamba vitufe vinajieleza vyenyewe, na kabla ya adhuhuri anapokea wateja.

Vitufe havijielezi. Historia yake yenyewe yashuhudia kwamba vilipatikana kwa uangalifu mkubwa wa kuchunguza tabia za watu. Mwaka 1891 Almon Strowger, mwenye biashara ya kuandaa mazishi katika mji wa Kansas City nchini Marekani, alipata hataza ya chombo cha kuunganisha simu pasipo mkono wa mtu, na inasimuliwa kwamba kilichomsukuma ni shaka yake kuwa mtumishi wa kituo cha simu alikuwa akiwahamishia wateja wake kwa mfanyabiashara mwenzake. Iwapo masimulizi hayo ni sahihi, basi chombo kilichobadili mawasiliano ya dunia kilizaliwa kutokana na khiyana ya mkono uliopewa kazi ya kuunganisha sauti za watu. Baadaye, katika maabara za kampuni ya Bell, alikuwako mwanasaikolojia John Karlin, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye pamoja na wenzake waliwajaribia watu wa kawaida mipangilio mingi ya tarakimu ili wajue ni upi ambao mtu huubonyeza upesi na kwa makosa machache. Ule uliochaguliwa, wenye 1, 2 na 3 katika safu ya juu, ndio ulioingia katika simu za vitufe zilizoanza kuuzwa tarehe 18 Novemba 1963. Nyota na alama ya reli zikaongezwa mwaka 1968. Watu wa Afrika ya Mashariki hawahitaji kufundishwa nyota na reli ni nini, kwa kuwa tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuenea katika nchi jirani, mkulima na mchuuzi wa Tanzania wamezoea kubonyeza *150*00# kwa wepesi usioonekana katika nchi nyingi tajiri.

Lakini mtu huyo huyo aliye hodari kwa simu ya mkononi akikalishwa mbele ya simu ya kompyuta hukutana na mtego ambao si kosa lake. Juu ya kioo, tarakimu zimepangwa kama simu, 1, 2 na 3 zikiwa juu. Na katika kibodi, upande wa kulia, tarakimu zimepangwa kama mashine ya kuhesabia, 7, 8 na 9 zikiwa juu. Jicho hufuata mpangilio mmoja na kidole hufuata wa pili. Namba za Qatar zina tarakimu nane, na tarakimu moja tu ikipotea, mgonjwa aliyengoja kuarifiwa miadi yake hatapata habari, na mtu asiyehusika ataambiwa jambo la mwingine. Tena wako wanaopiga simu ya benki, na sauti ya mashine ikiwataka wabonyeze 1 kwa Kiarabu au 2 kwa Kiingereza, hubonyeza kibodi wasipate jibu, kwa sababu dirisha la simu limefunikwa na dirisha jingine, na tarakimu zao zimeangukia katika barua waliyokuwa wakiiandika. Maelezo ya dakika chache yangemwokoa mtumishi na fedheha hiyo: kwamba kwanza arejee kwenye dirisha la simu, kisha afungue ubao wa tarakimu wa mazungumzo yaliyo wazi, ndipo abonyeze.

Ni vema pia ajue sauti hupitaje, maana ujuzi huo huzaa subira. Katika mtindo wa kawaida wa simu, sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, ikageuzwa kuwa tarakimu, ikafungwa katika vifurushi ambavyo kila kimoja aghalabu hubeba sehemu ya hamsini ya sekunde, na vifurushi hivyo husafiri vikiwa pamoja na barua, picha na mengine yote yapitayo mtandaoni. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hushauri kwamba safari ya upande mmoja isizidi milisekunde 150 ili watu wazungumze kwa raha. Ikizidi hapo, mmoja hudhani mwenzake amenyamaza, akaanza kusema, na maneno yao yakagongana njiani. Mpokezi asiyelijua hilo humwona mpigaji kuwa mjeuri, na mpigaji humwona mpokezi kuwa hana adabu, hali wote wawili ni waungwana waliocheleweshwa na waya. Anayelijua hutua kidogo baada ya kila swali, na kutua huko peke yake huondoa nusu ya ugomvi wa simu.

Sasa natazama vitufe vyenyewe, na nitaanza na viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku: cha kunyamazisha na cha kusubirisha. Kunyamazisha ni kuziba sauti yako tu. Wewe wamsikia mpigaji, yeye hakusikii, na hana dalili yoyote ya kumjulisha kama ungali upo au umekwenda zako. Kusubirisha ni kuyasimamisha mazungumzo pande zote mbili. Hakusikii wala humsikii, na mara nyingi huwekewa muziki au sauti ya kumjulisha kwamba simu haijakatika. Atakaye kukohoa, au kumwambia mwenziwe ashushe sauti, anyamazishe. Atakaye kwenda kutafuta jalada au kuuliza shauri kwa mkubwa wake, asubirishe, na kabla ya kusubirisha aombe ruhusa, aseme sababu na ataje muda, kisha muda huo ukipita arudi hata kama hajapata jibu. Kumwacha mtu katika ukimya wa kunyamazishwa kwa muda mrefu ni kumfanya azungumze na ukuta. Na yule ambaye amenyamazisha kwa kitufe cha hedifoni, ilhali kitufe cha kwenye kioo chaonyesha yu wazi, au kinyume chake, yu katika hatari mbili: aweza kusema maneno mazuri yasisikike, na aweza kusema maneno mabaya yakasikika. Dawa ya hatari ya pili ni nyepesi na ya kale: usiseme nyuma ya mpigaji neno ambalo hungelisema mbele yake, kitufe kiwe katika hali yoyote.

Kitufe cha kuhamisha simu ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho kifundishwacho kidogo kuliko vyote. Kina namna mbili. Ya kwanza ni kumtupa mpigaji moja kwa moja katika namba ya ndani ya mtu mwingine bila kumwuliza mtu huyo kama yupo, kama ana nafasi, au kama shauri ni lake. Ya pili ni kumsubirisha mpigaji, kumpigia mwenzako, kumweleza ni nani aliye mlangoni na ana haja gani, kupata kauli yake, kisha kuwaunganisha. Mtu aliyekaa Doha hata kwa muda mfupi ameona jinsi mgeni anavyopokewa katika majlis: hasukumwi ndani akaachwa asimame, bali mwenyeji humwongoza, humtaja jina kwa waliokaa, na humwonyesha mahali pa kuketi kabla hajaondoka. Hiyo ndiyo namna ya pili ya kuhamisha simu. Namna ya kwanza ina mahali pake, kama vile mpigaji anapotaka idara fulani na idara hiyo ina foleni yake maalumu. Lakini kuifanya kuwa desturi ya kila shauri ni kumlazimisha mwenye matatizo kuisimulia shida yake mara ya pili na ya tatu, kila mara kwa mtu asiyejua lililosemwa kabla, mpaka hasira zake zimwangukie yule wa mwisho ambaye hana hatia.

Nayajua maneno ya wasimamizi juu ya jambo hili. Husema kwamba kuhamisha kwa kumweleza mwenzako huchukua muda, na kwamba kompyuta huhesabu sekunde za kila mtumishi. Ni kweli kwamba huhesabu. Lakini hesabu hiyo haioni kwamba mtu aliyetupwa atapiga tena, na simu yake ya pili itahesabiwa kuwa ni simu mpya, na ya tatu kuwa ni mpya vilevile, hata shauri moja likaonekana katika taarifa ya mwezi kuwa ni kazi tatu zilizofanywa upesi. Kipimo cha namna hiyo humtuza mtumishi kwa uzembe na kumwadhibu kwa ihsani, na msimamizi mwadilifu atakiacha apime jambo moja tu: je, haja ya mtu ilitimizwa?

Kisha kipo kitufe cha kurekodi, ambacho hugusa sitara za watu. Qatar ilitunga sheria ya kulinda faragha ya taarifa binafsi, Sheria namba 13 ya mwaka 2016. Kenya ikatunga yake mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo hazilingani kwa kila kifungu, ila zote zimejengwa juu ya msingi kwamba mtu ana haki juu ya habari zake, na anayezichukua hana budi kuwa na sababu ya halali na kumjulisha. Basi mtumishi asiambiwe tu kwamba nukta nyekundu maana yake sauti inahifadhiwa. Aambiwe pia ni wakati gani wa kuisimamisha. Mteja anaposoma namba za kadi yake ya malipo, kurekodi kusimamishwe, maana kanuni za kimataifa za usalama wa kadi zimekataza kuhifadhiwa kwa ile namba fupi ya siri ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa. Mpokezi asiyekijua kitufe cha kusimamisha aweza, kwa nia safi kabisa, kuweka ghalani funguo za mali ya mamia ya watu.

Hata taa ndogo ya hali, ile isemayo nipo, nina shughuli au nimetoka, ina hukumu yake. Mtu anayekwenda kuswali adhuhuri na akaiacha taa ya kijani inawaka, amewaambia wenzake uongo asioukusudia, na simu za wageni zitalia mezani pake pasipo wa kuzipokea. Kuibadili huchukua mguso mmoja. Vilevile anayejitangaza ana shughuli mchana kutwa ili asipigiwe, anamtwisha jirani yake mzigo wa wawili.

Lipo jambo jingine ambalo ni la uhai na mauti. Mwezi Desemba 2013, katika nyumba ya wageni mjini Marshall, jimbo la Texas, mama aitwaye Kari Hunt alishambuliwa na kuuawa, na binti yake wa miaka tisa alijaribu mara nne kupiga 911, namba ya dharura ya Marekani, kama alivyofundishwa. Simu haikutoka, kwa sababu simu za chumbani zilidai kwanza ibonyezwe 9 ili kupata njia ya nje, na mtoto hakulijua hilo. Baba wa marehemu alidai haki mpaka ikapatikana sheria yenye jina la binti yake, iliyotiwa saini Februari 2018 na kuanza kutumika miaka miwili baadaye, kwamba simu zote za namna hiyo zitakazowekwa lazima zipige namba ya dharura moja kwa moja. Qatar, namba ya dharura ni 999, iwe ni polisi, gari la wagonjwa au zimamoto. Kila ofisi ya Doha, na kila ofisi ya Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, ina wajibu wa kujiuliza leo: programu yetu ikibonyezwa namba ya dharura peke yake, simu hutoka? Na maadamu kompyuta ya kubebwa yaweza kuwa ofisini leo na kesho ikawa nyumbani kwa mtumishi, je, anayepokea wito huo ataarifiwa mahali gani? Simu ya mezani haikuhama. Hii huhama, na mtumishi afundishwe kutamka mahali alipo kabla ya neno jingine lolote.

Katika nchi ya lugha nyingi, pana haja pia ya kutazama sura ya programu yenyewe. Afunguaye kwa Kiarabu hukuta mpangilio umegeuzwa, ukianzia kulia, na kitufe ambacho mwenzake wa Kiingereza hukiona upande mmoja yeye aghalabu hukiona upande wa pili, ingawa tarakimu hubaki katika safu zile zile. Kumwelekeza mtu kwa kumwambia bofya cha kulia, wakati kioo chake si kama chako, ni kumpoteza. Kila kitufe kitajwe kwa kazi yake na kwa alama yake, na karatasi ya maelezo ibandikwe katika lugha ambayo mtumishi anaielewa vizuri. Fauka ya hayo, watengenezaji wa programu wanapohamisha vitufe katika kila toleo jipya, hata mtumishi akajikuta asubuhi hajui pa kukata wala pa kupokea, wamesahau insafu ya wale wa maabara za Bell waliowajaribia watu kwanza.

Basi ombi langu ni kwa watu watatu. Kwa waajiri wa Doha: mpeni mtumishi mpya walau siku moja ya kujizoeza, akiwa pamoja na mwenzake aliyebobea, wapigiane, wasubirishane, wahamishiane, kila mmoja akae zamu yake upande wa mpigaji ili aonje muda wa kusubiri ulivyo mrefu. Kwa mawakala na vyuo vya Afrika ya Mashariki vinavyowaandaa vijana kuja Ghuba: ongezeni somo hili katika yale ya lugha na sheria za kazi, kwa kuwa programu nyingi za kujifunzia hupatikana bila malipo, na mtu afikaye akijua kuhamisha simu kwa uungwana hushika cheo mbele ya asiyejua. Na kwako wewe ndugu uliyeketi sasa hivi mbele ya kioo hicho, mbali na kwenu: usione haya kuuliza kitufe usichokijua, na usikubali kupokea simu ya kwanza kabla hujaonyeshwa vitufe hivyo vya kunyamazisha, kusubirisha, kuhamisha na kurekodi. Haki hiyo ni yako, na nyuma yako ipo haki ya kila atakayepiga.